Nshomile, Tanzanite inapita juu ya paa lako

Nani kati yenu anajua kwamba kuna sayari inaitwa Tanzanite? Sizungumzii mawe ya Mererani. Nasema sayari, dude lenye uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, linalozunguka nyota inayoitwa Mpingo. Majina haya hayakutungwa kijiweni. Desemba 2019 Shirikisho la Kimataifa la Astronomia, IAU, katika kuadhimisha miaka 100 tangu lianzishwe, lilitangaza majina zaidi ya mia moja yaliyotoka nchi mbalimbali duniani, kila nchi nyota yake na sayari yake. Wakenya walichagua Kalausi na Buru, yaani kimbunga na vumbi kwa Kijaluo. Sisi tulipewa nyota ambayo kwenye vitabu vya wataalamu inaitwa WASP-71, pamoja na sayari yake WASP-71b. Tukaziita Mpingo na Tanzanite. Majina mazuri kabisa, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kilichofuata. Tulipiga makofi, tukasema "tumewekwa kwenye ramani", tukaenda kulala. Miaka imepita. Nimeuliza wasomi wa Bukoba, nimeuliza walimu wa sayansi Muleba, nimeuliza vijana wenzangu wanaoshinda kwenye simu kutwa nzima: hiyo Tanzanite iko wapi angani? Itapita lini mbele ya nyota yake? Tungeweza kuinasa? Wengi walinitazama kama vile nimewauliza bei ya mafuta kule mwezini. Mmoja alinijibu, "Si tayari ina jina letu?" Hapo ndipo nilipokasirika.

Maana hii sayari ina kazi, haikuletwa kuwa pambo. Hakuna aliyewahi kuiona kwa macho, hata kwa darubini kubwa namna gani. Iligunduliwa kwa kivuli chake. Kila baada ya siku 2.9 inakatiza mbele ya Mpingo, na kwa takribani saa tano mwanga wa nyota hiyo unapungua kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia moja. Kisha inatoka, mwanga unarudi. Mwaka mzima wa Tanzanite ni siku hizo 2.9 tu. Panda basi Bukoba hadi Dar, geuza siku hiyo hiyo urudi, ukifika nyumbani mwaka wao karibu umekwisha. Kwa mwaka wetu mmoja inakatiza zaidi ya mara 120.

Sasa sikieni jambo ambalo naona ajabu halitangazwi. Mpingo iko kwenye kundi la nyota la Nyangumi, karibu kabisa na ikweta ya anga. Bukoba iko nyuzi 1 na ushei kusini mwa ikweta ya dunia. Maana yake ni kwamba nyota hii, ikifika juu kabisa, inapita karibu utosini mwa mtu aliyesimama Hamugembe, Kamachumu au Nshamba. Ni nyuzi kama mbili tu kaskazini ya utosi. Wanaokaa Ulaya wanaitazama kwa pembeni, kupitia hewa nene. Sisi imetukalia kichwani, na bado hatuinui shingo.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Hayo ni mambo ya NASA." Hapana, ndugu yangu. Mradi wa WASP uliogundua sayari hii ulikuwa na vituo viwili, kimoja La Palma katika visiwa vya Kanari na kingine Sutherland, Afrika Kusini. Kila kituo kilikuwa na kamera nane, na kwa miaka mingi mbele ya kila kamera ilifungwa lenzi ya Canon ya milimita 200. Lenzi! Za aina ile wanayoning'iniza shingoni wapiga picha wa mpira kandokando ya uwanja. Kamera zenyewe zilikuwa za kitaalamu, hilo sikatai, na nyuma yake kulikuwa na kompyuta na watu wenye shahada zao. Lakini jicho lililokamata sayari yenye jina letu lilikuwa lenzi ya dukani.

Kama mtu haelewi namna kamera inavyoweza kujua kwamba nyota imefifia kwa nusu asilimia, aende usiku wa giza akasimame ufukweni Kemondo, au upande wa Muleba unaotazamana na kisiwa cha Bumbire. Atakuta wavuvi wa dagaa wametawanyika ziwani na taa zao, karabai za zamani au hizi za betri za siku hizi. Taa zote zikififia kwa pamoja, basi ukungu umeshuka. Lakini taa moja ikififia na majirani zake wako vilevile, kuna kitu kimepita mbele ya taa ile. Ndiyo hesabu yote. Unapiga picha mamia kwa mamia za nyota yako na za majirani zake, unazilinganisha, basi. Mvuvi wa Ikuza hahitaji kufundishwa somo hili. Tena yeye ndiye mtu pekee mkoani anayepanga kazi yake kwa kalenda ya mwezi, kwa sababu ukiwa na mbalamwezi dagaa hawafuati taa na mtumbwi unabaki nchi kavu.

Wanaofanya kazi hii duniani kwa mapenzi tu ni maelfu. Jina lao kwa Kiswahili linatusumbua. Ukisema "mnajimu" Tanzania, watu wanamkumbuka marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, na wanasubiri uwatabirie nani atashinda uchaguzi. Mimi nawaita wanaastronomia wa ridhaa, kama tunavyosema mabondia wa ridhaa. Mchana mtu ni mhasibu, au fundi, au mwalimu. Usiku yuko nje na kamera.

Na kazi yao si ya kuchezea. Sayari ya kwanza kuonekana ikikatiza mbele ya nyota yake, HD 209458b, ilinaswa mwaka 1999 kwa kifaa chenye kioo cha upana wa sentimita 10 hivi. Mwaka uliofuata, Septemba 2000, wapenzi wa nyota wa kituo cha Nyrölä nchini Finland waliinasa sayari hiyohiyo wakiwa watu wa ridhaa tu. Finland, jamani, ambako majira ya joto hakuna usiku na majira ya baridi pua inaganda.

Halafu zipo zile za ajabu, ambazo ndizo hasa zinanikosesha usingizi. Desemba 2010 ulianzishwa mradi wa mtandaoni uitwao Planet Hunters, ambapo mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kutazama michoro ya mwanga wa nyota iliyoletwa na chombo cha Kepler. Watu wa kujitolea wakakutana na nyota moja yenye vituko. Sayari kubwa ya kawaida inaziba asilimia moja, labda mbili, tena kwa ratiba kama ya muezini. Hii ilipungua mwanga asilimia 15 mwaka 2011, na mwaka 2013 asilimia 22, bila ratiba yoyote. Mwanaastronomia Tabetha Boyajian akaandika makala yake ya kitaalamu na kuwaweka baadhi ya wale wa kujitolea kama waandishi wenza. Ilipofika Oktoba 2015 vyombo vya habari duniani vikaanza kelele za viumbe wa anga waliojenga mitambo kuzunguka nyota.

Kelele zikapita, kazi ikabaki. Kepler ilikuwa haitazami tena upande ule tangu 2013, kwa hiyo mtu wa kuilinda nyota ile alitakiwa awe hapa chini. Mwaka 2016 watu wa kawaida walichanga zaidi ya dola 100,000 za kulipia muda wa darubini, na watu wa ridhaa nao wakaigeuzia vifaa vyao usiku baada ya usiku. Mei 2017 ikafifia tena, macho yote yakiwa juu yake. Januari 2018 majibu yakatoka: mwanga wa bluu ulizibwa zaidi kuliko mwekundu, na kitu kigumu hakibagui rangi. Ni vumbi. Hakuna viumbe, poleni. Lakini angalieni nani aliyegundua, nani aliyechanga na nani aliyelinda. Sehemu kubwa ni watu kama wewe na mimi.

Nyingine iligunduliwa 2015, inaitwa WD 1145+017: nyota iliyokwisha kufa ambayo inakitafuna kipande cha mwamba kilichokuwa kikiizunguka. Mabaki yanapita mbele yake kila baada ya saa nne na nusu hivi, na umbo la kivuli linabadilika. Leo kivuli kirefu, wiki ijayo kimegawanyika. Watu wa ridhaa wenye darubini nzuri wameifuatilia kwa miaka. Hiyo haitaki lenzi ya milimita 200, inataka darubini ya kweli, maana ni hafifu mno. Nayo mnajua inapita wapi? Utosini mwetu vilevile, si hata nyuzi tatu kaskazini.

Turudi nyumbani. Sisi watu wa Kagera tuna jina la utani nchi nzima: nshomile, yaani nimesoma. Tunalichukia tukitaniwa na tunalipenda tukiwa peke yetu. Mhaya akikusimulia habari za kwao, dakika ya tano amefika Katuruka, kwenye tanuri za chuma ambazo Peter Schmidt na Donald Avery waliziandikia katika jarida la Science mwaka 1978, kwamba babu zetu walikuwa wanayeyusha chuma kwa joto kali ajabu karibu miaka 2,000 iliyopita. Ni kweli, na mimi naisimulia. Lakini wale wazee hawakuwa nshomile kwa maneno. Walijaribu, ikashindikana, wakabadilisha udongo, wakabadilisha mivukuto, wakahesabu. Sisi wajukuu tunajaribu nini? Tunahesabu nini, ukiacha michango ya harusi?

Na waandishi wa habari wenzangu nawaweka kwenye mstari huohuo. Mhariri mmoja, jina lake na la gazeti lake nayaacha, nilipompelekea wazo la makala kuhusu Tanzanite aliniambia, "Mdogo wangu, hiyo habari haina damu." Basi Kagera inaandikwa ikitoka damu tu. Tetemeko la Septemba 10, 2016. Ndege iliyotumbukia ziwani Novemba 6, 2022, watu 19 wakafa. Marburg mwaka 2023, na tena Biharamulo 2025. Hizo ni habari, lazima ziandikwe, na waliofiwa wana haki ya kukumbukwa. Lakini ukimaliza hizo, ukatafuta Muleba kwenye intaneti, unakutana na nini? Kicheko cha Kashasha cha mwaka 1962, wasichana wa shule walioshikwa na kucheka wakashindwa kuacha. (Kashasha, siyo kasheshe, ingawa ilikuwa yote mawili.) Zaidi ya miaka sitini, dunia inatujua kwa kucheka!

Mtasema natia chumvi, kwamba Watanzania hawajali anga kabisa. Sijasema hivyo. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ameandika na kuzungumza kuhusu anga kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi mnaosoma hapa. Septemba 1, 2016 jua lilipogeuka pete kule Rujewa, Mbeya, watu walifurika. Kwa miaka mingi fizikia ya kidato cha nne imekuwa na mada ya astronomia. Jirani zetu Kenya wana Susan Murabana, anayezunguka na darubini mashuleni. Senegal, Agosti 2018, waliwapokea wanasayansi wa Marekani, wakatawanya darubini mashambani pamoja na wenyeji kukamata kivuli cha jiwe moja lililo mbali kuliko Pluto, likipita mbele ya nyota. Waafrika, shambani, usiku, wanakimbiza kivuli. Inawezekana.

Tatizo letu ni kwamba tunapenda tukio, hatupendi zamu. Juni 8, 2004 Zuhura ilikatiza mbele ya jua letu, na Bukoba ilionekana yote, kuanzia saa mbili na ushei asubuhi hadi karibu saa nane na nusu mchana. Juni 6, 2012 ikakatiza tena, na jua lilichomoza ziwani likiwa tayari na doa lake, tukabakiwa na muda wa kama saa moja. Mara nyingine ni Desemba 2117, msisubiri. Sasa Zuhura iliziba chini kidogo ya sehemu moja katika elfu ya jua. Tanzanite inaziba sehemu nne katika elfu ya Mpingo, yaani mara nne zaidi, na haikuwekei miadi ya karne nzima. Inarudi kila siku ya tatu.

Kuna hoja nazisikia kila nikilizungumza hili. Ya kwanza: watoto wanakaa chini, wewe unaleta darubini? Waitu, mimi sijaomba senti ya dawati la mtoto yeyote. Naangalia kamati za harusi. Naangalia kamera inayolala kabatini Jumatatu hadi Ijumaa, ikisubiri bibi harusi wa Jumamosi. Ya pili: wazungu wameshaipima, sisi tunaongeza nini? Tunaongeza saa. Ratiba ya sayari inachakaa. Ukikosea mzunguko mmoja wa Tanzanite kwa sekunde moja tu, baada ya miaka kumi umekosea dakika 20 na zaidi, na darubini ya gharama kubwa inageuzwa kutazama nyota ambayo haijaanza kufifia. Ndiyo maana mradi wa ExoClock, unaoandaa kazi ya chombo cha Ulaya kiitwacho Ariel, unakusanya vipimo vya watu wa ridhaa kutoka kokote. Na giza linaingia kwetu takribani saa tatu kabla ya La Palma. Kipande hicho cha usiku, nani anakilinda hapa kwenye ikweta?

Ya tatu ni ya binamu yangu mhandisi, na hii ndiyo nzito: mawingu. Bukoba mvua inanyesha, hilo sibishi, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Tena Mpingo inafika utosini usiku wa manane mwishoni mwa Oktoba na Novemba, wakati wa mvua, na wakati wa senene, ambapo mji mzima unawashwa taa kali na mabati. (Sigombani na senene. Nawala.) Lakini Agosti, kiangazi, nyota hiyohiyo iko juu kuanzia saa nane, saa tisa usiku hadi alfajiri. Na ukitoka ziwani kuelekea ndani ya Muleba, upande unaoshuka kwenda ziwa Burigi, mvua inapungua. Umeme ukikatika ndio bora kabisa.

Wala hatulazimiki kuanza na Tanzanite, ambayo ni ngumu kwa mgeni, saa tano nzima kwa nusu asilimia. Ipo HD 189733b. Inaziba zaidi ya asilimia mbili, inakatiza kila baada ya siku 2.2, haichukui hata saa mbili, na nyota yake iko juu usiku wa manane mwezi Julai, kiangazi chetu. Mwaka 2014 David Schneider wa jarida la IEEE Spectrum aliinasa kwa kamera ya kawaida ya Canon na lenzi ya zamani ya milimita 300, juu ya mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba na kusukumwa na kamota kadogo, ili kamera ifuate nyota wakati dunia inazunguka. Programu za kuchambua picha zinapatikana bure.

Na kwetu zile mbao zina urahisi wake. Bawaba lazima ielekee kwenye ncha ya anga, ambayo Ulaya iko juu angani na wanahangaika kuipatia mwinamo. Bukoba ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, kwa hiyo bawaba unailaza karibu sawasawa na ardhi, kaskazini kwa kusini, kwa dira na pimamaji ya fundi. Nimeshamchorea seremala mmoja pale Hamugembe. Swali lake lilikuwa moja tu, kama mbao ziwe za paini au mninga, maana paini ikipata umande inapinda. Nimemwambia mninga. Motor na waya ni juu yangu. Kinachokosekana ni mtu wa Muleba mwenye lenzi ya milimita 200 kwenda juu, asiyekuwa na harusi katikati ya wiki.